Kinyago au Mnyama? Mizani Mbili za Kumpima Mhusika Mnyama katika Hadithi za Kifantasia

Jumamosi moja ya Novemba, korosho zikiwa bado zimeanikwa kwenye nyua nyingi za Mtwara, kikundi chetu cha usomaji kilikaa barazani pale Shangani kuizungumzia filamu ambayo karibu kila mmoja wetu aliitazama utotoni, yaani The Lion King ya mwaka 1994. Tulikusudia kuzungumza kwa saa moja, lakini adhana ya magharibi ilitukuta bado tumekaa, na tulipoagana watu wawili walikuwa hawatazamani kwa sababu ya fisi. Mmoja, mwalimu wa fasihi, alishikilia kwamba fisi wa filamu ile ni mafukara waliofukuzwa penye neema na kusukumiwa kwenye makaburi ya tembo, na kwamba anayewacheka anamcheka mwenye njaa. Mwenzake, kijana aliyefanya kazi miaka kadhaa katika kambi ya wageni upande wa Liwale, alijibu kwamba fisi hawezi kuwa fukara kwa sababu hana mali ya kupoteza, na kwamba kosa la filamu si kuwaonea maskini bali ni kumsingizia mwindaji hodari kwamba anaishi kwa makombo.

Nimelirudia gomvi lile mara nyingi kichwani, nami naona kwamba hawakuwa wakibishana juu ya fisi. Kila mmoja alikuja na mizani yake, akapima, akasoma uzito, kisha akashangaa kwa nini mwenzake anataja uzito mwingine. Makala haya yanaziweka mizani hizo mbili pamoja kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua, awe mwalimu anayeandaa mjadala, kiongozi wa kikundi kama chetu, au shabiki ambaye anataka tu kujua kwa nini mhusika fulani anamkera kuliko wengine. Ya kwanza naiita njia ya kinyago, na ya pili njia ya mnyama.

Njia ya kinyago

Aliyekulia Newala au Tandahimba hahitaji kuelezwa kinyago ni nini. Katika sherehe za jando na unyago hutoka mchezaji aliyefunikwa mwili mzima, kichwani amevaa sura iliyochongwa, naye hucheza huku watoto wakikimbia na kurudi, wakikimbia na kurudi. Waliopita jandoni wanajua kwamba ndani yake mna mtu, na wengine wanaweza hata kumtambua kwa namna anavyokanyaga, lakini hakuna anayelitaja jina lake, maana likishatajwa mchezo umekwisha. Njia ya kinyago humsoma mhusika mnyama vivyo hivyo: manyoya na pembe ni vazi, ndani mna binadamu, na hukumu inamwangukia yule wa ndani.

Kwetu sisi hii ndiyo mizani ya kwanza kukabidhiwa, kwa sababu ngano tulizosimuliwa jikoni zilikuja nayo tayari. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, kobe ni mvumilivu, na hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza bibi yake kama kweli fisi hula kupita kiasi. Shuleni mizani hiyo ikapata kitabu chake. Fortunatus Kawegere aliifasiri riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945 na kuitoa kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, kwa hiyo Watanzania walianza kuwasoma nguruwe wanaohubiri usawa katika kipindi ambacho neno usawa lilikuwa likisikika redioni kila siku. Orwell alikuwa akiyaandika mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 na yaliyoyafuata, na njia ya kinyago ndiyo pekee inayokifungua kitabu kile. Maziwa yanapopotea siku ya kwanza kabisa ya uhuru wa wanyama, msomaji wa njia ya mnyama ataona tu kwamba nguruwe wanapenda maziwa. Msomaji wa kinyago ataona mkono wa kiongozi umeingia hazina kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo atasoma akiwa macho.

Nguvu ya mizani hii, basi, ni ukali wake. Haimruhusu mhusika kujificha nyuma ya mkia. Udhaifu wake ni haraka. Shabiki akishajifunza kwamba ndani ya kinyago mna mtu, huanza kushindana na wenzake nani atalitaja jina kwanza, na akishalitaja huacha kuutazama mchezo. Niliwahi kumsikia kijana mmoja akieleza kifo cha Boxer, yule farasi aliyeishiwa nguvu kwa kulitumikia shamba kisha akapakiwa kwenye gari la mchinja farasi, kwa sentensi moja kavu kwamba huyo ni tabaka la wafanyakazi na limesalitiwa. Alikuwa sahihi, lakini hakuwa ameliona gari likiondoka.

Kuna udhaifu wa pili ambao huku pwani tunaujua zaidi. Kinyago huchongwa kwa mti uliopo, na mti wenyewe una ukungu wake, yaani kila mnyama anaingia hadithini akiwa amekwisha kuhukumiwa na msomaji. Kuanzia Kilwa hadi Mikindani, kwenye miji ambayo Waislamu ni wengi, nguruwe hakubaliki hata kabla hajafungua kinywa. Lakini Orwell anamtaka msomaji awaamini nguruwe kwanza, awaone kuwa ndio wenye akili na mipango, ili usaliti utakapokuja umuume. Msomaji aliyewachukia tangu ukurasa wa kwanza hasalitiwi na mtu. Anathibitishiwa tu alichokijua. Nimeshuhudia pia upande wa pili, mbwa shujaa katika hadithi za Ulaya akipokewa kwa mashaka na msomaji ambaye nyumbani kwao mbwa haingii ndani. Hilo si kosa la msomaji, ila mwenye kuongoza mjadala alijue mapema.

Majina nayo ni sehemu ya kinyago, na hapa Mswahili yuko mahali pa pekee. Mtazamaji wa Chicago alipomsikia fisi wa The Lion King anaitwa Shenzi alisikia sauti tu ya kigeni. Sisi tulisikia tusi. Pumbaa alikuwa amepumbaa kabla hajatokea, na Rafiki hakuweza kuwa adui. Simba peke yake ndiye aliyepewa jina lisilomsema lolote, kana kwamba kuwa simba kunatosha. Mara nyingi mashabiki wetu hudhani wamemhukumu mhusika kwa matendo yake, kumbe hukumu ilikuwa jinani.

Njia ya mnyama

Mizani ya pili huuliza swali jingine kabisa: mwili huu, wenye meno haya, masikio haya na njaa hii, ungewaona wenzake namna gani, ungeogopa nini, ungejua nini? Kitabu kinachotajwa zaidi na mashabiki wa njia hii ni Watership Down cha Richard Adams, kilichotoka mwaka 1972, ambacho kinafuata safari ya kundi la sungura wa Uingereza waliokimbia makazi yao kabla hayajaharibiwa. Adams aliegemea kitabu cha R. M. Lockley cha mwaka 1964 kuhusu maisha ya sungura, kisha akawapa wahusika wake lugha inayolingana na miili yao. Wanahesabu hadi nne tu, na kinachozidi hapo ni kingi, basi. Wana neno lao la ile hali ya kuganda kwa woga, pale miguu inapokataa kukimbia ingawa hatari inaonekana waziwazi. Ujasiri wa sungura kama huyo hauwezi kupimwa kwa kipimo cha askari. Unapimwa kwa umbali kati ya kile alichokifanya na kile ambacho kila mshipa wake ulimwamuru akifanye, na ndiyo maana hatua tatu za sungura kumwelekea mbwa zinaweza kumtetemesha msomaji kuliko vita vizima vya majoka.

Lugha yetu inatutegea mtego hapa. Kiswahili kinamwita sungura yule anayefugwa bandani, ambaye asili yake ni Ulaya, na kinamwita sungura pia yule wa porini anayekurupuka nyasini ukipita na baiskeli njia ya Nachingwea. Ni wanyama wawili. Yule wa Ulaya huchimba mashimo, huishi kwa jamii kubwa chini ya ardhi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Wa kwetu hachimbi. Hulala juu ya ardhi peke yake, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yamefunguka, karibu tayari kukimbia. Msomaji wa Lindi anapoambiwa kwamba sungura wamejenga mji wenye mlinzi, mtabiri na mkuu wa jeshi, ana haki ya kushangaa, kwa sababu sungura anayemjua yeye ni mpweke anayeishi kwa akili yake. Mimi huamini kwamba ndiyo sababu wa kwetu akawa mjanja wa ngano na wa kule akawa raia wa riwaya. Mwili ndio ulioichagua hadithi.

Uzuri mwingine wa njia ya mnyama ni kwamba inamruhusu msomaji kumshtaki mwandishi kwa ushahidi wa mwandishi mwenyewe. Watership Down inasema wazi kwamba kuchimba ni kazi ya majike, kisha inawaacha majike nyuma ya pazia muda mrefu, wakitafutwa hasa kwa ajili ya uzazi. Wasomaji wengi walilalamika, na mkusanyo wa hadithi za nyongeza uliotoka mwaka 1996 uliwapa majike nafasi zaidi.

Udhaifu wa mizani hii ni kwamba humgeuza shabiki kuwa bwana nyama. Anatembea ndani ya hadithi na daftari, anaandika makosa: simba hana adabu ya mezani, bundi hapeleki barua, papa hawezi kuzungumza majini. Amesahau kwamba aliingia mwenyewe katika ulimwengu ambao wanyama wanasema. Na kibaya zaidi ni neno silika. Shabiki anayempenda mhusika katili hulishika neno hilo kama mwavuli, akasema huyu hana kosa, ni silika yake, hata pale ambapo hadithi imetumia kurasa mia kutuonyesha mhusika huyo akipanga, akisita, na kuamua.

Alichoniuliza mjomba

Mjomba wangu alilima mihogo na mtama miaka mingi katika vijiji vya Lindi. Siku moja nilimsimulia habari za Aslan, simba wa vitabu saba vya C. S. Lewis vilivyotoka kati ya mwaka 1950 na 1956, simba ambaye jina lake kwa Kituruki maana yake ni simba tu, na ambaye mashabiki wengi humtaja kuwa mnyama mwema kuliko wote katika bunilizi za aina hii. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, huyo simba wako anakula nini?"

Nikamjibu kwamba vitabuni jambo hilo halielezwi sana.

"Basi huyo si simba. Huyo ni mkubwa fulani amevaa ngozi."

Akanieleza usiku wa kulala dunguni, juu ya kile kichanja cha miti shambani, na debe la kupiga na kijinga cha moto chini. Nguruwe pori, alisema, ukimsikia anatafuna muhogo wako unamlaani na kumpigia debe, na bado moyo umetulia. Ni pale anaponyamaza ghafla, hajakimbia wala hajaguna, ndipo unapoanza kumwomba Mungu, kwa sababu kuna mwingine aliyemsikia kabla yako.

Si porojo za mzee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa, huku mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara ikiwemo, ikiwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Watafiti waliyahusisha mashambulizi hayo na nguruwe pori hasa: nguruwe anaufuata muhogo, simba anamfuata nguruwe, na mtu amelala katikati yao akilinda shamba. Msomaji aliyetoka katika mazingira hayo hawezi kumpokea simba mfalme kama anavyompokea mtoto wa London ambaye simba wake wa kwanza alikuwa wa kitambaa. Nilichojifunza kwa mjomba ni kwamba njia ya mnyama haihitaji chuo kikuu. Ilikuwapo dunguni.

Lakini mzee huyohuyo, nilipomwuliza kuhusu simba aliyewala watu wa kijiji cha pili, aliishusha sauti na kusema yule alikuwa simba wa kutumwa. Imani hiyo iko pande zote mbili za mto Ruvuma, kwamba mla watu si mnyama bali ni mtu, au kazi ya mtu. Hatari yake haihitaji kuelezwa kwa yeyote anayejua wazee wanavyonyooshewa vidole. Kwa mada yetu inatosha kuona kwamba mizani zote mbili zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, akabadilisha moja kwa nyingine bila kujua amebadilisha, na kwamba mashabiki wa filamu hufanya hivyohivyo wakiwa wamekaa vitini.

Fisi wetu wawili

Turudi Shangani. Kijana wa Liwale alikuwa na ushahidi mzito. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao huwinda wenyewe, na kwamba ndani ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kuwanyang'anya. Mgeni anafika asubuhi, anamkuta simba anakula na fisi wamekaa pembeni wakingoja, anaondoka akisimulia kwamba fisi ni mla makombo. Zaidi ya hayo, katika ukoo wa fisi jike ndiye mkubwa kwa mwili na kwa cheo, na mtoto hushika nafasi ya mama yake. (Hapa kusini, ambako Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa jadi huhesabu ukoo upande wa mama, mtu angeweza kusema kwamba utaratibu wa fisi unaeleweka upesi kuliko wa mfalme Mufasa anayemrithisha mwanawe. Mjomba sijamwambia.) Filamu yenyewe imepatia jambo moja, kwamba anayewaongoza wale fisi watatu, Shenzi, ni jike.

Sasa iweke mizani hiyohiyo kwa simba. Wenye makazi ni majike, waliozaliwa pamoja na kukaa pamoja. Dume akikomaa huondoka alikozaliwa, na madume wapya wakiliteka kundi huua watoto waliowakuta. Kwa kipimo hicho Scar, ndugu wa Mufasa anayemwondoa huyo mkubwa wa kundi na kutaka mtoto auawe, hana dhambi yoyote ya pekee. Amefanya wafanyavyo madume. Nilipomuuliza kijana wetu kama yuko tayari kumwachia Scar, alikasirika na kusema kumwua ndugu yako wa damu ni kumwua ndugu yako wa damu. Hapo alikuwa ameshavaa kinyago, na hakuona alipokivaa.

Mwalimu naye hakuwa salama. Kwa njia ya kinyago hoja yake ilisimama vizuri: kundi limezuiliwa mpakani, lina njaa, linapewa ahadi ya chakula na mwanasiasa asiyelijali, na mwisho linamgeukia pale linapomsikia akilitupia lawama. Ni kisa ambacho mtu mzima anakitambua. Lakini tulipofika mahali ambapo nchi imekauka na mawindo yamekwisha chini ya utawala wa Scar, mtu akamuuliza kama hao maskini wake nao hawana sehemu ya lawama, naye akajibu kwamba fisi ndivyo walivyo, hawajui kuweka akiba. Binadamu walipotakiwa kujibu, wakageuka wanyama ghafla.

Kwa uzoefu wangu hapa ndipo hukumu nyingi za mashabiki zinapoharibika, wala haijalishi ni ya upande gani. Tunatumia mizani moja kwa tunayempenda na nyingine kwa tusiyempenda, ndani ya hadithi moja, wakati mwingine ndani ya onyesho moja. Simba husamehewa damu kwa kuwa ni mnyama na kupewa taji kwa kuwa ni mtu. Fisi hunyimwa taji kwa kuwa ni mnyama na kuhukumiwa kwa damu kwa kuwa ni mtu.

Jambo dogo la lugha, kabla sijaliacha. Vijana wengi wetu humwita Scar mjomba wake Simba, kwa kulifuata neno la Kiingereza lisilotofautisha. Scar ni ndugu wa Mufasa, kwa hiyo ni baba mdogo. Tofauti si ndogo. Kwetu mjomba ndiye ngao ya mpwa na, kwa jadi, ndiye anayemrithisha. Mjomba anayemwua mpwa ni jambo la kutisha zaidi ya tunaloliona katika filamu ile, na baba mdogo anayegombea kiti ni jambo ambalo wengi wamelisikia mahakamani.

Hadithi yenye sheria zake

Kuna hadithi ambazo mizani zote mbili zinapwaya, kwa sababu mwandishi ameshaandika sheria ya ulimwengu wake na hukumu inatakiwa ianzie hapo. Lewis alikataa Aslan aitwe istiari tupu. Alisema alikuwa akiuliza ingekuwaje kama kungekuwa na ulimwengu kama ule. Katika ulimwengu huo wanyama wanaosema na wasiosema ni watu wa aina mbili mbele ya sheria. Kitabu cha The Silver Chair, cha mwaka 1953, kina sura ambayo wasafiri watatu wanagundua kwamba nyama ya kulungu waliyolishwa na majitu ilikuwa ya kulungu aliyekuwa akisema. Jill, aliyefika nchi hiyo kwa mara ya kwanza, anasikitika tu. Eustace, aliyewahi kuwa na rafiki mnyama, anaona ni mauaji. Puddleglum, mzaliwa wa huko, anahisi kama aliyekula mtoto mchanga. Chakula ni kimoja, sahani ni moja. Sijui onyesho jingine linaloonyesha wazi hivyo kwamba hukumu hutegemea umekaa muda gani katika ulimwengu unaouhukumu.

Shaaban Robert alifanya jambo la karibu na hilo katika Adili na Nduguze. Liwali mwema anawapiga manyani wawili kila usiku, na mgeni anayemchungulia anaona ukatili tupu. Kumbe manyani wale ni ndugu zake waliogeuzwa na jini kwa uovu wao, naye anawapiga kwa kulazimishwa. Njia ya mnyama inamhukumu Adili kwa haki kabisa kulingana na kinachoonekana, na inakosea. Njia ya kinyago inadhani imeshinda, lakini hapa kinyago si mfano, ni ngozi ya kweli iliyowashika. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa kinachofanana sana ambacho ndugu hugeuzwa mbwa. Napenda kudhani kwamba Shaaban Robert alichagua manyani kwa kuwa nyani ana uso wa kulia, na msomaji wa pwani angemwonea huruma asiyoweza kumpa mbwa.

Na yuko paa wa Sultani Darai, katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Fukara anayefukua jaani anamnunua kwa thumuni. Paa anamfanya bwana wake sultani kwa kudanganya mji mzima kwamba amenyang'anywa na wanyang'anyi, anamwua nyoka wa vichwa saba na kumpa jumba lake. Kisha anaugua, na bwana anaagiza apewe uji wa mtama mwekundu. Wote humhukumu yule bwana. Hakuna hata mmoja kikundini kwetu aliyemhukumu paa kwa uongo wake, nami sikulazimisha, kwa sababu ngano imempa paa sheria moja tu ya kujibia, nayo ni uaminifu kwa aliyemnunua.

Uchague ipi

Ukiwa na wanafunzi wa sekondari na kitabu ambacho wanyama wake wana serikali, sheria za ukutani au vyama, anza na kinyago, lakini piga marufuku kutaja majina ya watu halisi kwa nusu saa ya kwanza. Waache waione sura kabla ya kumvua mchezaji. Ukiwa na hadithi ambayo mwandishi ametumia kurasa kwa harufu, mashimo, majira na njaa, anza na njia ya mnyama, na kama kikundini yuko mtu aliyelala dunguni au aliyevua papa Msimbati, mpe nafasi ya kwanza ya kusema. Atakuokoa vitabu vitatu. Kwa watoto wadogo mimi huchagua njia ya mnyama bila kusita, kwa kuwa ya kinyago wataipata tu, shuleni na mitaani, na pengine wataipata wakiwa bado hawajawahi kumtazama fisi kama fisi.

Kama hadithi ina jini, uganga, au mpaka kati ya wanaosema na wasiosema, ziweke mizani zote mbili chini kwanza na uulize swali moja: je, hadithi imempa mnyama huyu nafasi ya kufanya vingine? Kama ndiyo, anahukumika. Kama hapana, anayehukumika ni aliyemfunga, na wakati mwingine huyo ni mwandishi.

Sisi tumeweka utaratibu wa karatasi. Kabla ya mazungumzo kila mtu anaandika neno moja, kinyago au mnyama, anaikunja karatasi na kuiweka chini ya kikombe chake, na mpaka tunapoondoka hana ruhusa ya kubadilisha kwa mhusika yeyote. Tulipoirudia filamu ile mwezi wa pili, mwalimu aliandika mnyama na kijana wa Liwale akaandika kinyago. Safari hii fisi waliachiwa na wote wawili, kila mmoja kwa sababu zake, na Scar akaachiwa na mwalimu peke yake, naye akasema hukumu hiyo imemnyima usingizi.